Nazi ya Mama Sidi na Chokaa ya Kichwani Mwangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena kwa ajili ya nazi. Mtaelewa.

Mimi ni Mama Kadzo, nauza viazi karai hapa Mnarani. Mnazi wa jirani yangu, Mama Sidi, umeinamia ua wangu miaka mingi, na miaka hiyo yote tumeugombania. Asubuhi moja nikiwa nafagia, nazi ikadondoka, ikanipiga kisogoni. Nilipozinduka nilimsikia shemeji yangu akisema, "Nazi hii si bure. Imetumwa!" Mume wangu alikuwa keshashika shoka akaukate mnazi.

Shemeji alitaka nipelekwe kwa mganga, mchawi ajulikane. Mume wangu aliona damu inavyonitoka, akaweka shoka chini, akanipeleka hospitali Kilifi. Nikapigwa picha ya kichwa. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, alisema fuvu ni zima na damu haikuvujia ndani.

"Lakini mama," akasema, "mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo ina chokaa."

Alinionyesha madoa meupe kwenye picha. Kwangu yalikuwa kama ule ukoko wa birika la maji ya kisima. Alieleza kwamba mwenye mishipa kama hiyo yuko katika hatari zaidi ya damu kuziba njiani, na hicho ndicho kiharusi. Akanipima presha, ikawa juu mno, nami sikuwahi kujisikia mgonjwa. Ndugu zangu, mamangu alilala kitandani hadi kufa, nusu ya mwili haina habari na nusu nyingine. Niliogopa.

Kanisa likafunga na kuomba pamoja nami. Nikawa nameza dawa kila jioni, chumvi nikaipunguza hadi mume wangu akanuna mezani. Najua mnangoja niseme chokaa imeyeyuka. Haikuyeyuka! Daktari alisema haifutiki, kazi yetu ni kuishika presha na kuziangalia dalili.

Basi juzi nikikaanga viazi, kijiko kikaniponyoka. Mkono wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito. Zamani ningejipaka mafuta nikalala. Safari hii nilijua ni nini, na aliyekuwa karibu ni Mama Sidi peke yake, yule yule wa nazi. Nikamwita kwa ulimi huo huo mzito. Alikuja mbio, akazima moto, akasimamisha tuktuk, akanikumbatia nisianguke, tukavuka daraja hadi hospitali. Njia nzima alikuwa akiniambia, "Usilale, mwenzangu. Usilale!"

Kabla ya jioni mkono ulirudi. Madaktari walisema lile lilikuwa onyo, na kwamba tulifanya vyema kukimbilia hospitali. Wakanibadilishia dawa, na hadi leo nazimeza.

Namshukuru Mungu aliyenifumbua macho kwa nazi, na aliyeniwekea jirani. Shemeji, nakuona hapo mbele. Mama Sidi yuko benchi la nyuma, amekuja kwa ajili yangu. Ibada ikiisha, nenda ukamsalimie. Na wewe unayejiona mzima kama nilivyojiona mimi, mtumaini Bwana, kisha upite zahanati wakupime presha. Mungu hakasiriki ukipimwa.

Chokaa bado imo kichwani, na mnazi haukukatwa. Lakini mkono wa kulia ni huu hapa, nauinua mwenyewe. Haleluya!