Natoa Sumu

Kivuko cha Pangani kilikuwa hakijaondoka vizuri, dada mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Precious akanikabidhi bakuli la vitumbua. Alikuwa anakwenda Ushongo, kwenye hoteli ya kusafisha mwili. "Kula tu, kaka. Mimi wiki hii ni juisi ya tango peke yake. Natoa sumu." Mimi vitumbua sijawahi kuvikataa.

Kati yetu alikaa Bi Mize, Mpemba mtu mzima. Akashika kifua. "Sumu! Masikini mwanangu, nani kakutilia?"

"Hakuna mtu, bibi. Imo mwilini tu. Kila mtu anayo."

"Kila mtu? Basi kimetiwa kisima kizima! Na dalili zake?"

"Uchovu, tumbo kujaa, usingizi baada ya kula."

Dalili hizo nazijua. Kwetu Muheza zinaitwa shibe.

"Zilianza lini?" akauliza Bi Mize.

Precious akafikiri. "Kwa kweli, tangu niolewe."

Bi Mize akatikisa kichwa taratibu, kama hakimu aliyekwisha kuamua kesi. "Na nani hukupikia?"

"Mama mkwe. Ananipenda mno, bibi. Hata vitumbua hivyo kaamka alfajiri kunipikia, akanisisitiza nile mwenyewe, nisimgawie mtu."

Alipomaliza kusema hivyo akalitazama bakuli. Kisha wote wawili wakageuka, wakanitazama.

Kivuko kikagota ng'ambo, Bweni, watu wakaanza kushuka. Mimi nikabaki nimekaa na kitumbua mdomoni, sijui nimeze au niteme.