Mtoto Niliyemsimamisha Ubaoni

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu wa usharika huu, habari za asubuhi. Mmeniomba niseme jinsi Mungu alivyoniinua. Sawa, ila kwanza niseme nilivyoanguka, nanyi mnivumilie, maana hata mume wangu jambo hili amelisikia juzi tu.

Nilipangiwa shule moja kule kisiwani Ukerewe, mbali kidogo na Nansio, darasa la kwanza. Mwalimu mkuu akanikabidhi kwa mwalimu mlezi, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Kazi yake ilikuwa kuketi nyuma ya darasa langu, anitazame nikifundisha, kisha tuzungumze. Siku ya kwanza alikuja na kiti chake. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Usijisumbue, mimi nimesoma." Nilikuwa na digrii, yeye hana. Mnacheka? Chekeni, ninastahili. Yule mama alibeba kiti chake akaondoka.

Ndugu zangu, watoto walijaa hadi wengine wanaketi sakafuni. Kulikuwa na binti mmoja, nikimuuliza swali ananyamaza. Nikaona ni jeuri. Msukuma mimi, wa hapa jirani Usagara, nidharauliwe na katoto? Nikawa namsimamisha ubaoni kila siku mpaka ajibu. Hakujibu. Wiki ya tatu hakuja tena.

Darasa likanishinda kabisa. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Mlezi wangu akanikuta nyumbani nafunga mabegi. Akaketi kitandani, akasema, "Mwanangu, mwaka wangu wa kwanza nililia chooni, kanga mdomoni wasinisikie." Nikaangua kilio, nikamweleza yote, pamoja na habari za yule binti.

"Yule kwao wanaongea Kijita tu," akasema. "Kiswahili alikuwa bado. Ningekaa humo kipindi kimoja, ningekwambia."

Tulikwenda sote wawili ufukweni, wanakoanika dagaa, nikamwombe mtoto msamaha. Jirani akatuambia familia ilishahama kufuata samaki kisiwa kingine. Kisiwa gani, hakujua. Nimeulizia miaka yote hii. Sijampata, na inaniuma mpaka leo.

Barua niliichana. Kesho yake nilimfuata mlezi ofisini, nikampigia goti mbele ya walimu wote, nikamwomba aje darasani kwangu. Alikuja mwaka mzima. Alinifundisha kumwita mtoto kando na kumsikiliza kwanza, hata kwa lugha nisiyoijua. Namshukuru yule mama, popote alipo. Namshukuru na mwalimu mkuu, ambaye habari za barua yangu alizisikia tu kwa watu, akaamua asiniulize.

Leo na mimi ni mlezi wa walimu, hapa Pasiansi. Nawaambia walezi wenzangu: mwalimu mgeni akisema anaweza peke yake, msikasirike mkaondoka. Kaeni naye. Kiburi changu mimi nilisamehewa, nikaendelea na kazi, nikapanda daraja. Aliyekilipia ni mtoto wa darasa la kwanza.