Maximilian Lyamba, Aliyekuja Kupima Kuku Mzima

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yenu iko jikoni, shusheni sufuria kidogo mnisikilize. Leo tunamkumbuka Maximilian Lyamba wa Kawajense, Mpanda. Alifariki Jumanne iliyopita kwa malaria. Ameacha mjane, Nyanzala, na watoto ambao bado wanamhitaji. Wengi mlimjua kwa baiskeli yake, na nyundo aliyoifunga nyuma kwa mpira.

Maximilian alikuwa mtaalamu wa miamba. Alipima kama dhahabu iliyo ardhini inalipa kuitoa. Narudia, maana hapa ndipo watu walipogombana naye. Swali lake halikuwa kama dhahabu ipo. Swali lilikuwa kama inalipa. Ukitoa dizeli, maji na vibarua, kinabaki kitu?

Mwaka 1994 baba mkwe wake, Mzee Masele, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alipata shimo la dhahabu na wenzake. Wakataka karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Mzee akaamua kuuza zizi zima ili wainunue. Zizi zima, wasikilizaji! Ila akasema, kwanza mkwe wangu apime.

Maximilian alipofika alikuta mifuko ya mawe imeshajazwa, inamsubiri. Mawe yanang'aa hayo! Akashuka shimoni mwenyewe, akagonga ukuta hapa na pale, kwa nafasi zinazolingana. Huko mwamba ulikuwa mweusi tu, dhahabu yake ya kutafuta kwa tochi.

"Baba, haya ya kwenye mifuko mmeyatoa wapi?"

"Tumekuchagulia mazuri," Mzee akajibu kwa fahari kabisa. "Wewe ni mkwe. Unakuja kwetu tukupe mabaya?"

Hapakuwa na ujanja wowote. Kwa Mzee Masele mkwe akija anachinjiwa kuku, na firigisi ni yake. Mawe nayo wakayafanyia vivyo hivyo. Nyanzala anakumbuka jibu la mumewe: "Baba, kwa firigisi nashukuru. Lakini leo nimekuja kupima kuku mzima, na shingo yake na miguu yake."

Akachukua sampuli upya, nzuri kwa mbaya, zikapelekwa maabara. Majibu yakaja. Dhahabu ipo. Hailipi.

"Baba, usiuze ng'ombe," akamwambia.

Jamani, alichukiwa! Wachimbaji walisema kahongwa. Mzee alisema mkwe anamwonea wivu, lakini ng'ombe hakuwauza.

"Nilikuwa katikati," anasema Nyanzala. "Huku baba, huku mume. Tukienda kwetu, firigisi hapewi tena. Anapewa shingo. Anaila, anashukuru."

Nacheka nikisimulia, lakini yule bwana aliumia, na mimi inaniuma kwa ajili yake.

Wenzake Mzee wakatafuta mfadhili, karasha likaja. Kabla mvua hazijarudi, dizeli ilikuwa imekula dhahabu yote. Mfadhili akaondoka. Karasha lile limeota majani mpaka leo. Mzee Masele hakupoteza hata ndama.

Jumapili moja akamwita mkwe wake. Sinia likaletwa, likafunuliwa. Ndani kuku hajakatwa hata kipande, yuko mzima na shingo na miguu.

"Haya mkwe," Mzee akasema, "pima."

Walicheka mpaka wakafuta machozi.

Alhamisi tulimzika Maximilian. Mzee Masele alikuja na dume la ng'ombe la msibani, akasimama ameshika kamba, hataki kuiachia. Akatuambia: "Nyie mnanipa pole tu. Dume hili ni lake. Zizi lote lile ni lake. Mimi nilikuwa namchungia."

Nyanzala, watoto, Mzee Masele, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, tukikaa kula leo, tumkumbuke mtu aliyetuambia neno tusilotaka kulisikia. Huenda bado tunampa shingo. Kama yu hai, tumwite mezani leo.

Pumzika, Maximilian.