Waliposema Kazi Yangu Imekula Mtoto

Kina mama, asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi ndiye yule wa kukaa pale nyuma karibu na mlango, anakunywa chai yenu halafu anapotea kabla ya maombi ya mwisho. Leo nimekuja mbele. Nikilia mniache nilie, msiniimbie. Mkiniimbia nitasahau nilipofika.

Nimezaliwa hapa mtaani Silanga, na wengine wenu mliuza mboga ya sukuma pamoja na mama yangu, Mungu amrehemu. Siku hizi naishi Gatina, upande wa Kawangware, na bwanangu. Kazi yangu ni ya maabara. Ndugu zangu, nawaambia, hata bwanangu ilimchukua muda kuelewa nafanya nini. Natengeneza plastiki inayopitisha umeme. Najua mtasema plastiki ya waya ndiyo inatukinga tusipigwe na stima! Ni kweli, lakini kuna ya aina nyingine. Unaunga kipande kidogo cha kemikali na kingine, na kingine, mpaka upate mnyororo mrefu ambao umeme unaweza kutembea juu yake. Mnyororo ukitoka vizuri unauyeyusha, unaupaka kama rangi juu ya karatasi ya nailoni, na jua likiupiga unatoa stima. Ndoto yangu ilikuwa sola ya kukunja, nyepesi, ya kubandika kwa mabati haya haya ya kwetu.

Mnyororo huo una maringo. Hewa ikiingia, unakatika. Unyevu kidogo, unakatika. Kipande kimoja kikizidi mwenzake hata kwa chembe, unakuwa mfupi, hauna maana. Na ukikatika, kule maabara hatusemi ni bahati mbaya. Unarudi nyuma hatua kwa hatua. Chupa niliikausha? Nilipima sawa? Mwishowe unalipata kosa, na mara nyingi ni lako. Nilifundishwa hivyo miaka mingi, na nililiweza jambo hilo kuliko wenzangu.

Nikapata mimba. Nilipojua tu, nilimwambia mwalimu anayenisimamia. Akaniondoa kwa kemikali siku hiyo hiyo, akaniweka kwa kompyuta nichore minyororo mipya, wenzangu waipike. Nilikuwa na furaha, jamani. Mamake bwanangu anaishi Kabiro, na alikuwa akija na uji wa wimbi kwa thamosi, anakaa hapo mpaka niumalize. "Kunywa," alikuwa akiniambia, "huo si wako."

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mtoto akaacha kucheza tumboni. Nilimzaa hospitalini akiwa ameshafariki. Alikuwa msichana, na nywele nyingi kweli. Nilimshika kidogo, halafu nesi akamfunga kwa shuka. Bwanangu na ndugu zake walienda kumzika bila mimi, wakasema haifai mama aone.

Wageni wakaja. Mnajua yanayosemwa. Utapata mwingine. Shukuru wewe uko hai. Hayo niliyabeba. Lakini mamake bwanangu alisimama katikati ya watu, akasema, "Hizo madawa za kazi yake ndizo zimekula mtoto." Akachukua thamosi yake akaenda zake, na hakurudi.

Mnisikilize vizuri hapa. Sikumkasirikia. Nilimwamini. Kuna zile wiki za mwanzo, kabla sijajua nina mimba, ambapo mikono yangu ilikuwa kwa kemikali kila siku. Basi nikaanza kutafuta kosa, vile nilivyofundishwa. Nililala kitandani nikirudi nyuma siku kwa siku. Ile glavu iliyotoboka kidoleni. Ile siku stima ilipotea, feni ya kuvuta moshi ikazima. Je, nilitoka haraka, au nilibaki kwanza nifunike chupa? Nilienda kwa daktari mmoja, halafu mwingine. Wa pili, mama mtu mzima, aliniambia, "Siwezi kukwambia ni kazi, na siwezi kukwambia si kazi. Mara nyingi hatujui." Nilitoka pale na hasira. Niliona ni mvivu wa kutafuta.

Nikaacha maabara. Nikaacha kanisa. Nikaacha kuoga, kina mama, tusidanganyane. Maziwa yalikuja kifuani, na hakuna mtu alikuwa ameniambia kwamba yatakuja. Siku moja bwanangu alinikuta bafuni nasugua mikono kwa sabuni ya unga, ngozi imeanza kutoka. Akakaa chini sakafuni, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Nadhani ni yeye alimpigia mamake simu. Mama mkwe alikuja mchana, mikono mitupu, nikajua amekuja kunifukuza. Akakaa. Akaitazama mikono yangu kwa muda. Halafu akauliza, "Alifanana na nani?"

Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hilo. Nikamwambia alikuwa na nywele nyingi, na kidevu chenye kishimo. Mama akashika kidevu chake mwenyewe, nacho kina kishimo.

Kwa wale ambao si Wakikuyu, kwa kina bwanangu binti wa kwanza huitwa jina la mamake baba. Huhesabiwa ni nyanya huyo mwenyewe, amezaliwa tena. Basi mama akalitaja jina lake mwenyewe, polepole, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. "Huyo alikuwa mimi," akasema. "Mimi ndiye walizika. Niliumia nikatafuta mtu wa kumwekelea. Sijui nini kilimuua, mami. Na wewe hujui. Sasa wacha kutafuta, tumlilie."

Tukamlilia. Majirani walikuja mlangoni wakidhani kuna msiba mpya.

Sisemi nilipona siku hiyo. Mara ya kwanza kurudi kazini niliishia kwenye geti, nikageuza. Mara ya pili niliingia. Mnyororo tulioupika ukawa mrefu mpaka ukakataa kuyeyuka, ukabaki donge jeusi chini ya chupa. Tukachora mwingine, tukauongezea mikia ya kando ili uyeyuke. Huo unayeyuka, rangi yake buluu iliyoiva. Stima unayotoa haiwezi kuwasha hata taa ya choo. Na lile swali bado liko. Kila nikivaa glavu linanisalimia. Navaa tu, naanza kazi.

Nawashukuru bwanangu, na mwalimu aliyekataa kumpa mtu mwingine kiti changu. Namshukuru yule daktari ambaye hakunidanganya. Namshukuru mama. Na nyinyi, kwa chai, na kwa kutoniuliza mbona natoka mapema.

Mtoto mwingine sijapata, na tafadhali msiniombee mwingine leo. Mniombee huyu.

Kama kuna la kujifunza ni hili: mama akipoteza mtoto, usimuulize alikula nini, alibeba nini, anafanya kazi gani. Atajiuliza mwenyewe mpaka achoke. Muulize mtoto aliitwa nani. Hapa tulikubaliana hatutaji majina ya watu, na nimeheshimu. Lakini tukitoka hapo nje, yeyote akiniuliza, nitamwambia.