Marehemu Annastella Rugemalira, Aliyesafiri kwa Jina la Vestina

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja hapa Rubafu leo, Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, familia inawaomba mtulie mpaka mwisho, kwa sababu karatasi zilizokuja na jeneza hili zina jina moja na historia hii ina jina lingine, na wapo miongoni mwenu walioanza kunong'ona tangu gari lilipoingia.

Marehemu Annastella alizaliwa tarehe 9 Mei 1990 katika kibanja hiki hiki cha migomba, mtoto wa nne wa Ta Privatus Rugemalira na Ma Jovita, akabatizwa tarehe 10 Juni mwaka huo huo. Alianza darasa la kwanza hapa kijijini mwaka 1998, akamaliza la saba mwaka 2004, lakini hakuchaguliwa kwenda sekondari, akalia siku tatu bila kula. Ta Privatus, ambaye hakuwa mtu wa kukubali kushindwa kirahisi, alimpeleka Muleba kwa shangazi yake arudie darasa, na kwa kuwa kurudia kulikatazwa, aliingizwa kwa jina la msichana jirani wa shangazi aliyeacha shule, Vestina Kahangwa. Wengi mliopo hapa mnajua mambo hayo yalivyofanyika miaka ile, hatukuyaita kosa, tuliyaita akili, na baadhi yenu mnaitikia majina ya kuazima kazini kwenu mpaka leo. Vestina alilitoa jina lake kwa moyo mweupe, akapewa kitenge na mkungu wa ndizi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na maneno yaliyobaki tunayaacha kwa kuwa Padre yupo.

Mwaka 2005 alifaulu, akasoma sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 2009, na tangu hapo kila cheti chake kiliandikwa Vestina Kahangwa. Kuanzia Aprili 2010 alifanya kazi ya upishi katika hoteli moja mjini Bukoba, akiishi Hamugembe, ambako ndiko alikokutana na Bwana Datius Mwesiga, wakafunga ndoa takatifu tarehe 16 Novemba 2013. Kanisani aliitwa Annastella, kwa sababu mbele ya altare aliogopa kudanganya, na watoto wao wawili, Violeth aliyezaliwa 2014 na Gamaliel aliyezaliwa 2017, wanamjua mama yao kwa jina hilo.

Mwaka 2021 alichukua kitambulisho na pasipoti kwa kufuata vyeti vya shule. Miezi michache baadaye Vestina mwenyewe alikwenda kujiandikisha apate kitambulisho huko Muleba, akaambiwa kuwa mtu wa jina hilo, wazazi hao na tarehe hiyo ya kuzaliwa tayari yupo, akarudi nyumbani akicheka, na sisi tukacheka naye, Mungu atusamehe.

Tarehe 3 Februari 2022 marehemu aliondoka kwenda kufanya kazi za ndani katika nchi ambayo familia imeomba isitajwe, kwa kuwa shauri bado linaendelea. Mwajiri alichukua pasipoti yake siku ya kwanza, akaifungia kabatini. Katikati ya mwaka 2024 kifua kilianza kumsumbua, akakohoa damu, akaomba kurudi kwao, akanyimwa, ndipo alipotoroka kwenda kutafuta msaada. Katika mji ule hakuna ubalozi wetu, yupo konseli wa heshima tu, mfanyabiashara wa vigae, raia wa huko huko, anayeisaidia serikali yetu bila mshahara, na ofisi yake iko nyuma ya duka, hufunguliwa Jumanne na Alhamisi asubuhi. Alifika Jumanne tarehe 13 Agosti 2024, akaomba hati ya dharura ya kusafiria, na alipoulizwa jina, kwa uchovu na kwa hofu ya kufa akiwa mtu mwingine, alisema ukweli, akasema yeye ni Annastella Rugemalira.

Konseli alitafuta, akamwambia kwa upole kuwa hakuna Annastella aliyewahi kuingia nchini humo, alete uthibitisho kutoka kwao. Bwana Datius alituma cheti cha ubatizo na cha ndoa usiku huo huo, tukashangilia kuwa tumemwokoa, kumbe tulikuwa tunaufunga mlango kwa mikono yetu, kwani alipokuja kueleza kuwa aliingia kwa jina la Vestina, kila karatasi tuliyoituma ilizidi kuthibitisha kuwa yeye si mtu wa kwenye pasipoti. Alirudi ofisini pale mara kumi na moja. Katika simu yake ya mwisho alimwambia mumewe kwamba yule bwana ni mwema, humpa chai na kiti, ila hawezi kumsafirisha mtu asiyekuwepo.

Alifariki Jumanne tarehe 21 Januari 2025 hospitalini huko ugenini. Polisi walikuwa wameipata pasipoti kwa mwajiri, kwa hiyo taarifa ilikwenda Muleba, na Alhamisi tarehe 23 majirani walifika kwa akina Kahangwa wakilia, wakamkuta Vestina uani anamenya ndizi. Ni yeye aliyepanda gari kuja huku kutuletea habari ya kifo chake mwenyewe.

Ili mwili utoke, konseli alihitaji saini ya mzazi wa Vestina Kahangwa, kukiri kuwa mtoto wake amekufa. Ma Kokuhirwa, mama yake Vestina, alikataa mara tatu, akisema mzazi hatamki kifo cha mtoto aliye hai, kikishatamkwa kitamtafuta. Tarehe 20 Februari Vestina alimshika mama yake mkono, wakaweka dole gumba pamoja. Tangu siku hiyo Ma Kokuhirwa hajamwita binti yake kwa jina.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa Bukoba, majirani wa Hamugembe na Rubafu, na konseli yule, ambaye hatuna la kumlaumu. Shukrani ya mwisho ni kwa Vestina, aliyekaa hapa mbele. Kwenye vitabu vya serikali amekwisha kufa, na ofisi aliyokwenda juzi ilimjibu kuwa marehemu haleti malalamiko. Wazee wamemkataza kusogelea kaburi, naye amewajibu kwamba kama wanasema yumo humo, basi na wamwache aende akajiangalie. Atatupa udongo kama sisi wengine, tunaomba mtu asimzuie.

Annastella Rugemalira, ni wewe tunayekuzika leo, wewe peke yako, pumzika kwa amani.