Tangu Tuvune Mahindi

Tekla alivumilia tangu Haydom, lakini mzee aliyekaa kando yake alipokohoa tena hadi akainama, alifungua dirisha la basi na kumgeukia.

“Shikamoo, mzee wangu. Kikohozi hiki kina muda gani?”

“Marahaba. Tangu tuvune mahindi. Ni vumbi la ng'ombe tu,” akajibu mzee Margwe, mfugaji wa Dirma, akijifunika mdomo kwa shuka.

“Usiku unatoka jasho? Umekonda?”

Mzee akamtazama kama mtu aliyechunguliwa ndani ya nyumba yake. “Nani amekuambia?”

“Yalinipata mwenyewe. Mwaka juzi nilisema ni moshi wa jikoni, kumbe ni TB. Nilipokwenda kupima, binti yangu Loveness alikuwa ameshaipata kwangu.” Hilo bado lilimuuma. “Tulimeza dawa miezi sita, tukapona wote. Wewe unalala na nani?”

“Na wajukuu wawili.”

“Basi leo pitia kituo cha afya wakupime makohozi. Ni bure.”

“Wakinilaza, ng'ombe wangu atawaangalia nani? Nina dawa yangu ya mizizi.”

“Mimi sikulazwa hata siku moja. Dawa nilimeza nyumbani.”

“Nitafikiria.”

Basi likasimama Dongobesh, mzee akashuka. Tekla alikuwa anakwenda Mbulu mjini, lakini alichukua kikapu chake akashuka nyuma yake.

“Mama, mimi sijakubali,” mzee akasema.

“Nimesikia, mzee wangu. Kituo cha afya ni huku.”