Baba Upendo na Taa za Ukumbi wa Masuguru

Wapendwa mliofika hapa Kitumbi kutoka Korogwe, Handeni mjini na kwingineko, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Jina kamili la ndugu yetu limechapwa kwenye jalada la ratiba. Halitasomwa kwa sauti, maana kwa desturi ya kwao jina la aliyekufa halitajwi, na mama yake mzazi, Bibi Naisimoi, ameomba hivyo. Tutamwita Baba Upendo, kama wengi mlivyomzoea.

Baba Upendo alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 hapa hapa Kitumbi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Loserian na Bibi Naisimoi. Mvua za masika zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza, na mama yake husema siku ile ng'ombe walirudi bomani wenyewe, kwa kuwa wachungaji wote walikuwa wamekimbilia kumtazama mtoto.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, kisha sekondari Korogwe, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002. Kwenye mahafali ndipo wazimu wake wa taa ulipoanza. Alichukua shuka jekundu la baba yake, akalitandaza mbele ya taa ya jukwaa ili kwaya ionekane kama imesimama kwenye jua la jioni. Kwaya ilipendeza kwa beti mbili. Ubeti wa tatu, ukumbi mzima ulinuka moshi. Mzee Loserian alisimama akasema, "Ng'ombe nimeuza usome. Na shuka nalo ulichome?"

Mwaka 2004 alikwenda Dar es Salaam, akabeba nyaya za kampuni ya kukodisha vyombo vya muziki kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kugusa taa. Alirudi Korogwe mwaka 2013, akaajiriwa na ukumbi wa usharika, Masuguru. Mwaka 2017 ukumbi ulinunua mashine ya kuongozea taa, ya mtumba, iliyojaa vitufe na vitelezi vya kusukuma juu na chini, na hakuna aliyeielewa. Yeye aliipa kila taa namba yake, akaielekeza mashine kila kitelezi kiongoze taa zipi, akahifadhi humo mipango ya mwanga mmoja baada ya mwingine na kuipa majina ya kwao: Vumbi la Kitumbi, Asubuhi ya Kerenge, Mama Anakamua. Kwa kuwa umeme wetu tunaujua, aliipanga ili umeme ukirudi taa zisilipuke zote kwa pamoja usoni mwa bibi harusi, bali zipande taratibu. Buluu aliipunguza. "Buluu ikizidi, ngozi zetu zinakuwa za maiti," alisema. "Watu wamekuja harusini, jamani!" Sharifu, mwendesha sauti wa ukumbi na rafiki yake mkubwa, alimtania kwamba hata Mungu aliumba mwanga mara moja tu, akaendelea na kazi nyingine.

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na Beatrisi huko Lutindi, kwa wazazi wa bibi harusi. Baridi ya kule ilimtetemesha mpaka pete ikamponyoka, ikatafutwa chini ya viti na kanisa zima. Mwaka 2018 walijaliwa binti yao, Upendo. Kila alipotunga mwanga mpya, Beatrisi ndiye aliyeuona kwanza. Mumewe alimsimamisha jukwaani, ukumbi mtupu, akasukuma kitelezi polepole. Beatrisi anasema hapo tu ndipo alipojiona mzuri katika maisha yake.

Mwezi Mei 2024 alianza kuumwa tumbo. Vipimo vilionyesha saratani ya ini, nayo ilikuwa imeshakwenda mbali. Tulihangaika, tuliomba, hatukupata. Mwezi Januari alimwomba Sharifu ampeleke ukumbini kwa bajaji, akakaa kwenye mashine yake mchana kutwa. Aliporudi alimwambia mkewe, "Mama Upendo, nimekuwekea mwanga wako. Siku ya kuniaga, Sharifu abonyeze ule wa mwisho kabisa." Beatrisi akamsihi amwambie walau rangi yake. Akacheka. "Utauona." Sharifu akamkumbusha ahifadhi nakala kwenye flashi, naye akasema kesho. Kesho yake hakuweza kuinuka. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025, na tangu hapo Beatrisi alikuwa na kitu kimoja tu cha kushikilia.

Juzi Jumatano ndugu walifika ukumbini kupanga viti, na Sharifu akawasha mashine kuijaribu. Kioo cha mashine kikamkaribisha marehemu kwa jina lake, kama kilivyofanya kila siku. Keriako, mdogo wa marehemu, akalisoma kwa sauti bila kufikiri, mbele ya mama yao. Bibi Naisimoi alifunika uso akatoka nje. Wazee wa usharika, kwa heshima tu, wakamwambia Sharifu aliondoe jina lile kabla mama hajarudi ndani. Akahangaika na kioo, watu wamemsimamia mgongoni, mpaka mashine ikamuuliza kwa Kiingereza kama irudi ilivyotoka kiwandani. Akakubali. Jina likaondoka, na kazi ya miaka karibu minane ikaondoka nalo, pamoja na ule mwanga wa mwisho.

Sharifu alipiga magoti mbele ya Beatrisi. "Shemeji, nimemuua mara ya pili," alisema. Bibi Naisimoi alipoelezwa akasema, "Niliomba jina lisitajwe. Sikuomba mwanangu afutwe."

Jana, kwenye ibada ya kumuaga, vitelezi vilisukumwa na hakuna taa iliyoitika. Tukafungua madirisha.

Marehemu ameacha baba, Mzee Loserian; mama, Bibi Naisimoi; mdogo wake, Keriako; mke, Beatrisi; na mtoto mmoja, Upendo. Beatrisi hamlaumu mtu, na ameomba hilo lisemwe. Ameomba pia msimfariji kwa kumwambia kwamba mumewe ameacha kazi inayoonekana, maana haionekani. Tangu juzi hali, hanywi, na kila anayemkaribia anamuuliza swali lile lile: ulikuwa wa rangi gani?

Mungu amlaze pema Baba Upendo. Jibu amekwenda nalo.